Kila Mtu na Wino Wake

Jioni ile nilikuwa nimeshafuta kiti kwa spiriti na kukunja aproni. Nilibakisha kumwaga taka tu, nifunge studio niende zangu. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja na nusu. Mgongo uliniuma kwa kuinama tangu asubuhi. Watu huona kuchora tatuu ni sanaa, lakini nusu yake ni kuinama na nusu nyingine ni kufoka.

Nafoka sana, sikatai. Mdogo wangu husema ningefaa kuwa mwalimu wa zamu. Ukutani nimebandika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, na mteja hakai kwenye kiti changu mpaka aisome. Uje umekula, tena umeshiba. Uje umelala. Kama umelewa, rudi ulikotoka. Kama una kisukari, kama una mimba, kama unatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, sema, mimi si polisi. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Usipoiona ikifunguliwa, inuka uondoke, hata kama fundi mwenyewe ni mimi.

Na mwisho kabisa, kwa kalamu nyekundu: kila mtu na wino wake.

Wino huwa naumimina kwenye kikombe cha plastiki kidogo kama kifuniko cha soda. Mteja akiinuka, kilichobaki kinamwagwa, hata kama ni kingi. Sindano ikishaingia kwa mtu na kurudi kwenye wino, wino ule si wino tena. Una mtu ndani yake.

Niliandika hivyo kwa ajili ya magonjwa. Sikuwa najua kingine.

"Hodi..."

Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, kitambaa kichwani, viatu safi, mkoba kaukumbatia kifuani. Aliingia na harufu. Jivu lililomwagiwa maji, ndiyo harufu yenyewe.

"Shikamoo, bibi. Ndio nafunga. Labda kesho?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina kesho nyingi."

Nilidhani ni utani wa wazee. Nikamvutia kiti. Aliisoma karatasi yangu yote, kidole kikifuata maneno, kikasimama kwenye mstari mwekundu.

"Kila mtu na wino wake," alisema. "Ni kweli hii?"

"Kweli, bibi."

"Hata ukiwa na haraka?"

"Hata nyumba ikiungua."

Akatabasamu. Nikampa fomu ajaze jina, simu na ugonjwa alionao. Kwenye ugonjwa aliandika neno moja tu.

*Jioni.*

Nikajua amekosea mstari. Sikuuliza.

Alipokunja mkono wa gauni niliona mstari mweusi, mwembamba kama uzi, umezunguka kiganja chote pale kinapoungana na mkono. "Pitia juu yake," alinong'ona. "Usiongeze, usipunguze." Kazi nyepesi. Nikavaa glavu, nikafungua sindano anaona, nikamimina wino nusu kikombe, nikawasha mashine.

Mashine yangu naijua inavyolia. Siku hiyo ilianza vizuri, kisha mlio ukashuka... ukashuka... kama gari linalopanda mlima na mzigo. Nikanyanyua mkono, ikalia kawaida. Nikagusa ngozi, ikashuka tena.

Na hakutoka damu. Hata tone.

Bibi alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Alikuwa anaita jina. Jina moja, polepole, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aache kucheza aingie ndani. Sikulisikia vizuri. Siku hizi nalala macho kodo nikijaribu kulikumbuka, na sipati hata herufi.

"Huo wino utaumwaga?" aliuliza bila kufumbua macho.

"Nitaumwaga, bibi."

Nilipomaliza nikafuta mkono. Sikuona mstari. Nikafuta tena. Ngozi ilikuwa tupu, nyororo, kama haijawahi kuchorwa. Kabla sijasema kitu akashusha mkono wa gauni.

"Basi. Imetosha."

Alisimama wima, akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Mlangoni akageuka. "Umwage kwenye udongo, si kwenye sinki. Kabla jua halijazama. Wewe mwenyewe kwa mkono wako."

"Sawa, bibi."

"Usiniitikie tu."

"Nimesikia, bibi."

Akaenda. Mwili ulikuwa umenisisimka, nakiri. Nikachukua kile kikombe nitoke nacho nje.

Kilikuwa kimejaa.

Nilikuwa nimemimina nusu tu. Sasa wino ulikuwa umefika ukingoni, mweusi, umetulia tuli.

"Dada! Usinifungie, dada!"

Huyo ndiye mdogo wangu. Tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kunyamaza. Amelelewa na mimi tangu wazazi walipotutoka, na ule mdomo uliokuwa ukinipandisha presha ndio ukampa kazi: redio walikuwa wamemchukua kuwa mtangazaji wa kipindi cha saa kumi na mbili jioni, aanze Jumatatu. Nilikuwa nimemwahidi ndege mdogo mkononi, chiriku aliyefunua mdomo, kabla hajakaa kwenye maikrofoni.

"Umekula?" nikafoka.

"Nimekula, nimeshiba, nimelala, sijalewa, sina mimba, na kama ninayo basi ni miujiza. Chora, dada!"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, woga wote ukaniisha. Nikakiweka kikombe ukingoni mwa meza nimalizane naye kwanza. Nikabadilisha glavu. Nikabadilisha sindano. Nikatandika nailoni mpya. Nikabandika karatasi ya mchoro, nikaibandua, ndege akakaa vizuri. Chiriku alikuwa anaongea muda wote, ananiigiza ninavyofoka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye wino, kwa mazoea.

Kwenye mchovyo wa pili nikagundua nachovya wapi.

Hapa ndipo watu watanihukumu, na wana haki. Niliona. Nilijua. Ningeweza kusimama. Lakini kilichoingia kilikuwa kimeshaingia, nikaona aibu kusema, nikajiambia huyu si mteja, huyu ni damu yangu. Kwa mgeni nisingethubutu kamwe. Kwa mdogo wangu nilijiona niko nyumbani, na nyumbani mtu hajihesabii sheria.

Nikamaliza ndege kwa wino ule. Nje jua lilikuwa limeshazama.

Jumamosi jioni Chiriku alikuwa anaosha vyombo, akanyamaza. Nilidhani amechoka. Jumapili nilipomsafisha kidonda, nilimwona yule ndege amefumba mdomo. Nilimchora amefunua, nina mchoro hadi leo. Nikasema ni uvimbe.

Jumatatu nikawasha redio studio, mteja yuko kwenye kiti, nikamwambia kwa majivuno, "Msikilize mdogo wangu." Akaanza. Alikuwa anawaka! Anasalimia wasikilizaji, anatania, anacheka kile kicheko chake cha kukwama kooni. Alikuwa anasema, "Na wewe uliye barabarani unarudi nyumbani, ninachotaka kukuambia ni..."

Kimya.

Kwenye redio kimya cha sekunde kumi ni msiba. Huyu alikaa kimya mpaka nikasikia kiti chake kikilia alivyojinyoosha. Kisha sauti. Ilikuwa sauti yake, lakini polepole, haina kicheko ndani.

"Fundi... hapa ni kwa nani?"

Mteja wangu akacheka. Mimi mashine ilinidondoka.

Wakaweka muziki. Baada ya dakika tatu Chiriku akarudi, akamalizia sentensi pale pale alipoiachia: "...ni kwamba uendeshe taratibu." Hakukumbuka chochote. Jumanne ilikuwa dakika kumi na moja. Jumatano wakamwambia apumzike nyumbani mpaka apone, na alilia mpaka kope zikavimba.

Alhamisi alasiri niliitafuta ile fomu ya bibi, nikapiga simu.

"Ni fundi, bibi. Yule wa Ijumaa."

Nikasikia kiti kikiburutwa, akakaa.

"Kimempata nani?" aliuliza.

"Mdogo wangu."

"Nilikuuliza mara tatu, mwanangu."

Hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Nililia kwenye simu kama mtoto, nikamwomba anisaidie. Akaniambia alikaa nacho miaka arobaini na mbili, na yeye alikipata kwa sindano ya dada yake, na dada yake hakukusudia. Kila jioni alikuwa anaondoka, anarudi asubuhi, na watoto wake walikua bila kumjua mama yao jua likishazama.

"Ni kitu gani, bibi?"

"Sikijui. Nalijua jina lake tu. Ndilo nililokiitia, kikatoka." Akavuta pumzi. "Mlete kesho asubuhi. Mnirudishie. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, yeye bado mtoto."

"Nitajie jina, bibi. Tafadhali."

"Si kwenye simu. Jioni imekaribia... kitasikia."

Ijumaa asubuhi tulikuwa mlangoni tumeshavaa. Mashine iko kwenye mkoba, sindano mpya, vikombe vipya, kila kitu kwa sheria. Nikapiga simu kuuliza njia. Akapokea mwanaume, sauti imekauka.

"Mama hatunaye, dada. Ametutoka usiku, usingizini." Kisha akaongeza, kama mtu anayejifariji, "Tunamshukuru Mungu lakini. Hii wiki yote jioni tulikaa naye, anacheka, anatusimulia. Hatukuwahi kumwona hivyo. Sijui alipata dawa wapi."

Nikampa pole. Chiriku alikuwa amesimama ananitazama, mkoba begani.

"Dada, tunaenda au hatuendi?"

Mchana ule nilimkalisha kwenye kiti changu. Nikapitisha sindano kavu juu ya ndege, kama nilivyopitisha juu ya uzi wa bibi, huku naita. Niliita jina la bibi kutoka kwenye fomu. Niliita majina ya marehemu wetu wote. Niliita majina ya watu, ya mito, ya miezi, majina niliyoyabuni. Mashine ililia kawaida. Damu ilitoka kawaida, nyekundu, nyingi. Kikombe kilibaki kikavu.

"Acha, dada," alisema mwishowe, akinishika kichwa. "Unaniumiza."

Nikaacha. Sijui kitu kingine cha kufanya. Mimi kazi yangu ni kuweka vitu kwenye ngozi, na najua jinsi vinavyokaa.

Tukapatana jambo moja. Akirudi, neno la kwanza aseme "dada", ili nijue ni yeye. Yule mwingine huniita fundi. Tulihamia studio, maana nyumbani majirani walianza kuuliza maswali. Wateja nimewaambia naumwa. Kila jioni mwanga unapofifia dirishani, Chiriku hukatika katikati ya neno, mgongo unanyooka, mikono inakaa juu ya mapaja. Saa moja. Saa mbili. Saa nne. Mimi nakaa mbele yake na kusubiri, na saa yoyote ya usiku au asubuhi akisema "dada", namkumbatia na anamalizia neno lake.

Mara moja tu nilimuuliza huyo mwingine.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu." Hakuwa na ubaya wowote usoni. "Nimeletwa."

"Nani amekuleta?"

Aliinuka, akaenda ukutani, akaisoma karatasi yangu, kidole kikifuata maneno mpaka mstari mwekundu. Kisha akanigeukia na kunitazama. Nikaangalia chini.

Jana aliondoka saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Alikuwa ananisimulia kwamba redio wamempigia, kwamba nafasi yake bado ipo, kwamba akipata nafuu "watanipa hata kile kipindi cha..."

Saa sita hakurudi. Saa tisa hakurudi. Kulipopambazuka nilifungua madirisha yote, mwanga ukaingia mpaka kwenye kiti, nikasema sasa. Nikamchemshia maji ya kunawa. Nikamwita kwa jina lake, na kwa jina la utani, na kwa jina alilokuwa akijiita alipokuwa hajui kutamka vizuri.

Sasa ni saa nne asubuhi. Jua linawaka. Bado amekaa wima.

Niliwasha redio ili ule ukimya usinimalize. Bado wanapiga tangazo lake, hawajaliondoa: "Ni mimi Chiriku wako wa jioni, usiende mbali!" na mwishoni kile kicheko chake cha kukwama kooni. Akageuza kichwa kuelekea redio. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kama mgeni anayesikiliza habari za mji asioujua.

"Fundi," alisema taratibu. "Huyo anayecheka ni nani?"

Nimekaa mbele yake. Nasubiri aniite dada.