Pakiti ya Maziwa

Kila jioni baba aliporudi kutoka kiwandani, binti yake alimpokea mfuko mlangoni. Majirani walimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa hauchoki. Ndani ya mfuko mlikuwa na pakiti ya maziwa. Baba alisaga mawe ya kutengenezea vigae, na kila msagaji alipewa pakiti moja kwa siku, eti isafishe vumbi kifuani. Baba hakuinywa. Alimletea Chiriku.

"Kunywa, mama, urefuke," alisema, nyusi zake nyeupe pe kwa vumbi.

"Mbona umezeeka tangu asubuhi, baba?" Chiriku alimtania.

Kisha baba akaanza kukohoa. Mwanzoni asubuhi tu, halafu hata akipanda ngazi tatu za mlangoni. Siku moja Chiriku alimsikia jirani, msagaji mwenzake baba, akisema, "Huyu hanywi maziwa yake. Sisi tunakunywa, na tunadunda."

Tangu siku hiyo Chiriku hakutulia. Darasani aliandika, akafuta, akaandika tena. Nyumbani aliyakataa maziwa, akisingizia tumbo linamuuma. Alinyamaza wiki mbili nzima.

Baba alipokwenda hospitalini kupigwa picha ya kifua, Chiriku alimsindikiza. Daktari, mama wa makamo, aliinua picha kwenye mwanga, akaikagua pembe hadi pembe. Chiriku akashindwa kuvumilia.

"Shikamoo, daktari. Ni mimi. Maziwa yake nimeyanywa mimi, mwaka mzima. Jirani yetu, msagaji mwenzake, anakunywa yake, naye anadunda."

Baba aligeuka. "Kumbe ndilo tumbo lililokuwa linauma?"

"Marahaba, mwanangu," daktari alisema taratibu. "Maziwa huenda tumboni. Vumbi la mawe huingia kwenye mapafu, likakaa humo na kuacha makovu. Hata angekunywa ndoo nzima, lisingetoka." Akamtazama baba. "Makovu haya hayafutiki, lakini umewahi. Toka kwenye vumbi sasa hivi. Nitakuandikia barua. Na huyo jirani anayedunda, mlete naye."

Barua ilimhamishia baba getini. Jirani alipigwa picha, naye hakurudi akidunda. Aliondolewa kwenye mashine wiki hiyo hiyo. Wasagaji wote wakadai kinga, na sasa mawe humwagiwa maji kabla ya kusagwa, na kila mmoja ana barakoa nene.

Jioni moja baba aliweka mezani pakiti ya maziwa aliyoinunua dukani. Nyusi zake zilikuwa nyeusi.

"Tugawane," Chiriku alisema.

"Sawa. Ila kosa halikuwa lako, mama. Ni sisi wakubwa tulioridhika na kinywaji badala ya kudai kinga. Na wewe, jambo likikuchoma, liseme siku hiyo hiyo. Nyumba hii haijazoea kimya."

Chiriku alikwenda kuchukua vikombe viwili, na kabla hajafika kabatini alikuwa ameshaanza kuongea.