Dakika Tatu za Dawa

Kila asubuhi ya likizo, Shamira alifagia ukumbi wa kliniki ya shangazi yake Sabiha mtaani Tuwan, Kitale, kisha akapanguza viti. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na wagonjwa waliketi, nguo zao zikiwa zimelowa. Katika chumba cha ultrasaundi aliruhusiwa kuchukua taka tu. Mashine asiiguse.

Siku hiyo mzee mwenye majipu kwenye ngozi ya tumbo alikuwa ametoka kupimwa. Shangazi alifuta jeli kwenye kile kichwa cha mashine kinachopitishwa mwilini, akakipaka dawa, kisha akatoka kumwita mgonjwa mwingine. Shamira alipoingia, alikikuta kimelowa chepechepe. Kwao mgeni hapewi kikombe ambacho hakijakaushwa. Bibi yake huona ni aibu kubwa. Basi alikikausha kile kichwa kwa kitambaa alichokuwa nacho mkononi, kile cha viti, hadi kikang'aa.

Aliyefuata kupimwa kwa kichwa hicho alikuwa Nasambu, mama kutoka Kapsokwony, juu mlimani. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na mshono wake wa tumboni ulikuwa haujafunga vizuri. Shamira alipokuwa akifunga mfuko wa taka, macho yake yalitua kwenye mkebe wa dawa: baada ya kupaka, acha kifaa kikiwa kimelowa dakika tatu. Yeye alikuwa amekikausha papo hapo.

Alinyamaza. Akisema, itajulikana kwamba amekaidi amri. Nasambu alimfunga mtoto kifuani, akajikongoja mvuani kutafuta bodaboda.

"Shangazi, mwite yule mama arudi," Shamira akasema hatimaye. "Nilikikausha."

"Ulikausha nini?"

"Kile kichwa. Kwa kitambaa cha viti."

Sabiha hakumgombeza. Alikimbia nje bila mwavuli, akamrudisha Nasambu. Alimweleza yote, akakiri kwamba naye alikosea kuacha mashine bila mtu. Akamsafisha mshono taratibu, akamwomba arudi baada ya siku tatu.

"Ati nimekuja nipone, sasa nirudi na ugonjwa wa mwingine?" Nasambu aliuliza. 

 Siku hizo tatu, kila mlango ulipogongwa, Shamira alidhani ni habari mbaya.

Siku ya tatu Nasambu akaja. Shangazi aliukagua mshono kwa muda mrefu, kisha akashusha pumzi. Ulikuwa mkavu, bila usaha.

"Dawa huua vijidudu ikiwa bado haijakauka," Sabiha alimwambia Shamira. "Ukiikausha mapema, kifaa kinang'aa na vijidudu bado viko hai. Kosa lako lilikuwa la muda mfupi, mwanangu. Ungenyamaza, lingepanda mlima hadi Kapsokwony, na sisi tusingejua."

Nasambu alimtazama msichana, kisha akamfungua mtoto kifuani.

"Haya, mshike," alisema. "Lakini unawe mikono kwanza, bana."