Muuguzi Niliyemfukuza

Asubuhi ile nilikuwa nachemsha chai ya maziwa na chumvi. Mkwe wangu, Dulmaa, alikuwa ananyonyesha. Mjukuu wangu Ochir alikuwa na miezi miwili, mnene, mwenye kelele. Nje ya hema nilikuwa nimefunga kamba, kama tunavyofanya kwetu kukiwa na mtoto mchanga. Maana yake: mgeni, usiingie.

Pikipiki ikaja. Alikuwa Uyanga, muuguzi wa eneo letu, na kisanduku cha chanjo begani.

"Bibi Khandmaa, hamjambo? Ochir ametimiza miezi miwili. Nimemletea chanjo ya kifaduro."

"Kamba huioni?"

"Naiona, bibi. Ndiyo maana sijaivuka."

"Basi rudi nikishaifungua. Na hilo pikipiki lako, umeshanitishia mbuzi wote!"

"Mama," Dulmaa akaita toka ndani, "si nimtoe mara moja tu?"

"Kwenye baridi hii? Kaa hapo hapo."

Uyanga akaondoka. Nikajiona mlinzi hodari.

Siku ya nne alikuja mwanangu mdogo kutoka mjini. Alikuwa anakohoa. Lakini yeye si mgeni, ni damu yetu. Nikamwinulia kamba kwa mkono wangu. Akambeba Ochir, akamnusa kichwani, maana ndivyo tunavyowabusu watoto.

Baada ya siku kumi Ochir akaanza kukohoa. Alikohoa mfululizo mpaka midomo ikawa ya bluu. Baba yake, Baasan, akawasha gari, tukakimbilia hospitali. Ni mwendo wa saa tano. Ochir alikata roho mapajani mwangu, njiani.

Uyanga alikuja kutupa pole. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

"Niambie ukweli, binti. Ile sindano ingemwokoa?"

"Moja peke yake haikingi kabisa, bibi. Ila ingempa nguvu ya kupigana. Zinatakiwa tatu: mtoto akiwa na miezi miwili, mitatu na minne. Na anayekohoa asimkaribie mtoto mchanga, hata awe baba yake mdogo."

"Na Dulmaa akishika mimba tena?"

"Aanze kliniki mapema. Mwezi wa mwisho asibaki huku mbali. Akae kwenye nyumba ya wajawazito, karibu na hospitali."

Mimba ilipoingia tena, nilimpeleka mimi mwenyewe. Anu alizaliwa salama hospitalini. Leo ana mwaka mmoja, amepata sindano zote tatu, na anatembea akivuta mikia ya mbuzi.

Siku ya sindano ya kwanza nilimpakata mimi. Alilia kwa nguvu. Nami nikalia.

"Mama, kachomwa yeye. Wewe unalia nini?" Dulmaa aliniuliza taratibu.

"Namlilia kaka yake. Yeye sindano ilimfuata mpaka nyumbani, nikaifukuza."

Dulmaa akaniegemea begani. Tukalia wote watatu.