Siku Simu ya Upepo Iliponyamaza

Kila siku, saa moja kamili asubuhi, sauti ya Mama Immaculata ilisikika kutoka dirishani mwa zahanati ya Nyabutanga.

"Hospitali, hospitali, hapa Nyabutanga. Mnanipata? Ova."

Kwanza ulisikika mkwaruzo, kisha mtu aliyekuwa mwendo wa nusu siku kutoka hapo akajibu kama vile amekaa chumba cha pili. Prudencia, binti yake wa darasa la sita, alipenda kusimama mlangoni na mkoba wa shule begani mpaka asikie jibu hilo. Ndipo alipokimbilia shuleni, mara nyingi kengele ikiwa imeshagongwa.

Nyabutanga ni kijiji cha upande wa Sengerema, ukingoni mwa ziwa. Siku ya jua kali unaona mabati ya Mwanza yakimetameta ng'ambo ya maji. Miaka ile kijiji hakikuwa na posta wala simu ya waya. Zamani mgonjwa akizidiwa, mtu alipanda baiskeli kwenda kuomba gari, na mara nyingi gari lilifika wakati ndugu wameshaanza kulia. Tangu simu ya upepo iwekwe zahanati, mambo yalibadilika. Hata wavuvi walikuja kuuliza kama kivuko kinafanya kazi.

Chombo hicho kilitumia betri ya gari iliyowekwa chini ya meza, nayo betri ilijazwa na paneli ya umeme wa jua iliyofungwa juu ya bati. Mama Immaculata, muuguzi kutoka Bukoba ambaye kijiji kizima kilimwita Daktari, alikuwa na amri moja tu.

"Betri hii ni ya simu ya upepo. Si ya taa, si ya kitu kingine chochote. Umenielewa, Pruda?"

"Nimeelewa, mama."

Kweli alielewa. Lakini baba yake, aliyekuwa masomoni katika chuo cha ualimu Butimba, alikuwa amewaachia redio ndogo ya kaseti. Mwaka ule mvua za El Nino zilikata barabara, na duka la kijiji likaishiwa betri za redio. Kila saa kumi jioni palikuwa na mchezo wa redio ambao Prudencia na rafiki yake Queen hawakutaka kuukosa. Walikuwa wameuacha mahali pabaya, bibi harusi ametoroka na hajulikani alipo.

Siku moja mama alipokwenda kukagua vyoo vya kijiji, Prudencia alichukua nyaya mbili, akaunganisha redio na betri iliyokuwa chini ya meza. Redio ikalia vizuri kuliko zamani.

"Nusu saa tu," alimwambia Queen.

"Nusu saa haimalizi kitu," Queen akajibu, huku akisogea karibu.

Nusu saa ikawa saa nzima, maana baada ya mchezo kulikuwa na muziki. Siku moja ikawa siku tisa. Mbingu ilikuwa nzito siku zote hizo, na paneli juu ya bati haikupata jua la kutosha. Siku ya nane Prudencia aliona kitaa kidogo cha kijani kwenye simu ya upepo, kinachoonyesha nguvu ya betri, kimekuwa cha manjano. Alikiona vizuri, akageuza macho.

Siku mbili baadaye kipindupindu kikaingia Nyabutanga.

Alianza Mzee Luhende, msuka nyavu, aliyeletwa kwenye machela ya miti akiwa amekauka midomo. Kufika mchana vitanda vyote vinne vilikuwa vimejaa, wengine wamelazwa kwenye mikeka barazani. Mvua ilikuwa imesomba uchafu wa vyoo na kuupeleka kwenye kisima. Mama Immaculata alikimbia huku na huku na ndoo ya maji ya dawa. Shule ilifungwa, na Prudencia akapewa kazi ya kuchemsha maji na kukoroga chumvi na sukari.

Saa saba hivi Masalu, baba yake Queen, aliingia akiwa amembeba mwanaye mabegani. Queen alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipofumbua midomo hakutoa sauti.

"Daktari, nisaidie," Masalu alisema. "Ameanza alfajiri. Nisaidie."

Mama Immaculata alimfungia Queen dripu. Kisha akafungua kabati na kuhesabu chupa zilizobaki. Zilikuwa sita, na wagonjwa walikuwa kumi na mmoja.

Akaenda mezani na kushika simu ya upepo. "Hospitali, hospitali, hapa Nyabutanga. Tuna kipindupindu. Tunahitaji dripu haraka. Ova."

Kitaa kiliwaka mara moja, chekundu, kikazimika. Hakukuwa na mkwaruzo wala sauti. Alijaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, akikibonyeza kitufe cha kuongelea mpaka kidole kikawa cheupe.

"Ni antena," alisema mwishowe. "Upepo wa jana umekata waya wa antena. Mzee Ndalahwa!"

Mzee Ndalahwa, mlinzi wa zahanati, alikuwa mtu wa miaka zaidi ya sitini, na goti lake moja halikukunjika vizuri. Alitazama juu ya paa, akatazama mvua, akaenda kuleta ngazi.

Prudencia alisimama na sufuria mkononi. Alijua antena haina kosa. Alilijua kosa lilipo, lakini hakulitaja. Alimtazama mama yake akifungua vifuniko vya chombo kwa kisu na kupuliza vumbi. Alimtazama Mzee Ndalahwa akitambaa juu ya bati linaloteleza. Dakika zikapita, chupa moja ikaisha, ikafungwa nyingine. "Labda betri itaamka yenyewe," alijiambia. Alijua haiwezi.

Ghafla bati lililia kwa kishindo. Mzee Ndalahwa aliteleza, akaserereka hadi ukingoni, mguu mmoja ukining'inia hewani. Alishika paneli kwa mikono miwili akatulia hapo akihema, na maji yakimtiririka usoni.

"Shuka babu!" Prudencia alipiga kelele. "Shuka! Antena ni nzima! Ni betri! Mimi ndiye niliyeimaliza!"

Mama yake alitoka nje. Kisu kilikuwa bado mkononi.

"Umesema nini?"

"Niliitumia kusikilizia redio, mama. Mimi na Queen. Siku tisa."

Alingoja kofi, na moyoni alitamani lije. Lakini mama yake alimtazama tu, uso umemsinyaa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Nimepoteza saa nzima kutafuta ugonjwa ambao wewe uliujua," alisema taratibu. "Mzee, shuka polepole." Kisha akachukua karatasi, akaandika haraka haraka. "Kimbia mwaloni. Mtafute Bwana Venant, wakala wa samaki. Ana simu ya mkononi. Mwambie asome haya kama yalivyo. Na mwambie ukweli wote, asije akadhani tunafanya mchezo."

Prudencia alikimbia. Njia ya kwenda mwaloni, mahali ambapo mitumbwi hupakua samaki, ilikuwa tope tupu. Alianguka mara mbili, lakini karatasi aliiweka ndani ya gauni isilowe.

Venant alikuwa amesimama kando ya mtumbwi mkubwa uliojaa sangara. Barafu yake ilikuwa imebaki vipande vidogo tu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona hivyo, mtoto wa Daktari?"

Prudencia alimweleza yote, maneno yakigongana. Venant alitoa simu mfukoni mwa koti. Ilikuwa nyeusi na nene kama kipande cha sabuni ya mche, na ilikuwa na antena ya kuvuta. Akatazama kioo chake.

"Chaji imebaki mstari mmoja," alisema. "Nilikuwa nasubiri mvua ipungue nipigie kiwandani Mwanza waniletee barafu. Hawa samaki wakilala hapa bila barafu, kesho ni wa kutupa. Wavuvi ishirini wamenipa samaki wao." Akafuta maji usoni. "Simu hii itapiga mara moja tu."

Prudencia alimnyooshea karatasi.

Venant aliwatazama wale samaki kwa muda mfupi. Kisha akageuka na kuanza kupanda. Simu yake haikushika popote Nyabutanga isipokuwa juu ya mwamba mmoja mrefu unaotazamana na Mwanza. Kila asubuhi alipanda hapo kuulizia bei ya samaki, na watu walikwisha kuuita mwamba huo Posta. Prudencia alimfuata akitambaa kwa mikono na magoti.

Juu, Venant alivuta antena, akaielekeza simu ziwani, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Haloo? Evelina wa ofisini? Ni Venant, Nyabutanga. Usinikatize, chaji inakwisha. Hapana, sizungumzii barafu! Chukua kalamu. Nyabutanga kuna kipindupindu. Wagonjwa kumi na mmoja, dripu zimebaki tano. Ipelekee idara ya afya ya mkoa sasa hivi. Barabara imekatika, waje kwa boti. Wanataka chupa mia... Haloo? Evelina? Haloo!"

Akaitoa simu sikioni. Kioo kilikuwa kimezimika.

"Amesikia, mjomba?"

"Sijui."

"Amesikia mpaka wapi?"

"Sijui, mwanangu. Alikuwa anaitika, kisha akapotea." Akairudisha simu mfukoni. "Hakuna la kufanya tena isipokuwa kungoja."

Kungoja huko Prudencia hakukusahau maisha yake yote. Alirudi zahanati, mama yake akamweka kando ya Queen na kikombe cha maji ya chumvi na sukari na kijiko. Dripu ya Queen ilikuwa imekwisha, na zilizobaki walifungiwa waliokuwa wamezidiwa zaidi yake.

"Kijiko kimoja, hesabu mpaka ishirini, kisha kingine," mama alimwagiza. "Akitapika, ngoja kidogo, anza tena. Usichoke."

Prudencia alinywesha. Queen alitapika, naye akaanza tena. Kila alipoinua macho aliliona ziwa kupitia dirishani, la kijivu, tupu, mawimbi yakipiga mawe. Alisikiliza mlio wa injini mpaka akaanza kuusikia hata mahali ambapo haupo. Mara mbili alitoka mbio barazani, na mara mbili alikuta ni mvua juu ya bati.

Kabla jua halijazama Mzee Luhende alifariki. Dripu ilikuwa bado mkononi mwake. Mama Immaculata alimfunika shuka, akaosha mikono kwa maji ya dawa, akaenda kwa mgonjwa wa pili. Prudencia alihisi kijiko kimekuwa kizito kama jembe.

Asubuhi, saa tatu na nusu, mlio ukasikika, na safari hii ulikuwa wa kweli. Boti ya kiwanda cha samaki ilikata mawimbi kuja mwaloni. Ndani yake alikuwamo bwana afya kutoka mkoani, wauguzi wawili na makasha ya dripu hadi ukingoni. Evelina alikuwa amesikia karibu yote. Mahali simu ilipokatikia alijazia mwenyewe, na kwa kuwa alimfahamu Venant, alipakia na barafu. Samaki waliokuwa juu walikuwa wameharibika, lakini zaidi ya nusu waliokolewa.

Siku ya tatu Queen aliketi akaomba uji. Siku ya nne aliuliza bibi harusi wa redioni alipatikana wapi. Prudencia alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya zahanati. Mama yake alikuja akakaa kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu wagonjwa waje.

"Mama, Mzee Luhende amekufa kwa sababu yangu?"

Mama Immaculata alimgeukia.

"Sitakudanganya ili upate usingizi, wala sitakutwika mzigo ambao huenda si wako. Aliletwa amechelewa, na dripu alikuwa nayo. Lakini kama msaada ungefika mapema, labda. Sijui, Pruda. Mimi pia niliyaona mawingu na sikuipima betri, na hilo nitaliandika kwenye taarifa yangu kwa jina langu."

Prudencia alilia. Mama yake alimwacha alie.

"Nisikilize sasa," alisema baadaye. "Kusikiliza redio lilikuwa kosa la mtoto. Kosa kubwa ni ile saa nzima uliyosimama na sufuria, ukamtazama mzee wa watu akipanda paa kwenye mvua, nawe unajua. Simu ya upepo na simu ya Venant ni vyombo vyema. Vinavusha neno juu ya maji na juu ya barabara iliyokatika. Lakini neno lenyewe ni lazima litoke kwa mtu. Siku ile chombo cha kwanza kilichonyamaza hapa hakikuwa kile cha mezani. Kilikuwa wewe. Ukijua jambo linaloweza kumwokoa mtu, liseme saa hiyo hiyo, hata kama litakuumbua."

"Ndiyo, mama."

"Jioni utakwenda kwa Mzee Ndalahwa kumwomba radhi, kisha msibani kwa Mzee Luhende. Utawaeleza mwenyewe. Mimi nitakaa kando yako, lakini sitasema kwa niaba yako."

Prudencia alifuta uso kwa upande wa kanga ya mama yake. Aliogopa msiba ule kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Lakini jioni ilipofika, yeye ndiye aliyetangulia njiani.