Kunde za Katikati

"Nimezitoa, ndiyo. Zilikuwa zinachafua ubao," Mwaija alimwambia Ishaka, mwenzake wa klabu ya sayansi.

"Nani kakutuma?"

"Macho yangu. We huoni ulivyopendeza?"

Ishaka aliinama chini ya dawati, akaanza kuokota kunde moja moja. Mwaija alisimama tu, gundi imemkaukia vidoleni. Saa nne majaji wangefika, na shule yao ilikuwa na nafasi moja tu ya mashindano ya sayansi Kibaha. Baba yake Mwaija alishakata shauri: akikosa Kibaha, habari ya klabu iishe, kila alasiri awe nyumbani Mlingotini anaanika dagaa.

Kazi yao ilikuwa kuonyesha jinsi kiini kizito cha atomu, kile cha urani, kinavyopasuka vipande viwili. Mwalimu Rukaya aliwapa vipimo, wakabandika kunde kwenye mbao mbili, kila kunde kipande kimoja: vidogo kushoto, vikubwa kulia, vinavyolingana katikati. Ubao wa kwanza ulikuwa wa kiini kilichotiwa nishati kidogo. Hicho mara nyingi hutoa kipande kikubwa na kidogo, kwa hiyo kunde zilifanya vilima viwili, katikati karibu patupu. Ubao wa pili ulikuwa wa nishati nyingi, na kunde zilizagaa mpaka katikati. Mwaija amechambua mchele tangu mdogo. Alizitoa zile za katikati ya ubao huo kama anavyotoa chuya.

Ishaka akasema taratibu kwamba sasa mbao zote mbili zinasema kitu kimoja. Mwaija akatazama huku, akatazama huku.

Angeweza kunyamaza, majaji wasingejua. Lakini alimfuata Mwalimu Rukaya mlangoni akamweleza yote. Mwalimu hakumkemea. Alimuuliza tu zilikuwa kunde ngapi.

"Kumi na tisa, Mwalimu."

Wakazirudisha zote, wakifuata karatasi ya vipimo. Walipoitwa gundi bado mbichi, zamu ikawapita, wakakatwa alama. Mwishowe Mwaija alisimama akaeleza, kidole kwenye ubao, kwamba nishati ikizidi lile bonde la katikati linajaa, kiini kinapasuka nusu kwa nusu mara nyingi zaidi. Jaji mmoja alimtaka arudie, huku anaandika. Lakini alama zilishapotea. Kibaha wakapata wengine.

Mwalimu Rukaya alimkuta anakung'uta meza.

"Mwanangu, zile ulizoziona uchafu ndiyo jibu lenyewe. Ukitoa usichokipenda, hujapima kitu, umepamba tu. Nafasi umekosa, ila ubao wako unasema kweli, na hiyo ndiyo sayansi."

Kisha akasema atakwenda mwenyewe kuzungumza na baba yake.

"Nitamwambia mimi, Mwalimu. Nitamwambia na nilichofanya. Halafu nitamwomba siku moja tu ya klabu, Alhamisi."

Akamkabidhi Ishaka chupa ya gundi, akageuka, akashika njia ya Mlingotini.