Ukuta Usiokauka

Ukuta wa duka la Gharib ulikataa kukauka. Mukakalisa, mama wa Bugene aliyechora kwa mavi ya ng'ombe na majivu kama alivyofundishwa na bibi yake kutoka Rwanda, alijua kazi yake hukauka kwa siku mbili za jua. Hii ilikuwa siku ya kumi. Akibonyeza, kidole kinazama, na kikitoka kinanukia udi.

Oktoba ile ya 1995 mji wa Kayanga ulikuwa umependeza. Kinyozi alikuwa na vichwa vinne vilivyochorwa ukutani, mwenye bucha alikuwa na fahali aliyevaa miwani, na ukumbi wa misheni ulikuwa na maonyesho ya picha na vikapu. Jumapili watu walikuja kwa miguu, wakitafuna karanga na kubishana picha ipi nzuri. Ndiyo raha iliyokuwa imebaki, maana mabishano ya uchaguzi yalikuwa yameshang'oa watu meno.

Walijaa zaidi mbele ya ukuta wa Gharib. Pale palikuwa na mwanamke wa kimo cha mtu, kanga imemkaa, na usoni chokaa tupu. Gharib, muuza vitambaa mwenye asili ya Pangani, ndiye aliyekataa uso, kwamba nyumba yake haiweki sanamu yenye macho. Juu ya picha akaagiza maandishi tu, KARIBU NDANI. Alikuwa mtu wa kukaribisha watu. Hata mteja aliyeshika kitambaa na kukirudisha, Gharib alimuaga kwa sauti: "Karibu tena!"

Siku ya kumi na moja yule mwanamke alikuwa na nyusi.

"Mama Theoneste, si nilisema bila uso?" Gharib alimnong'oneza Mukakalisa.

"Sijamgusa, baba. Haki ya Mungu."

Asia, mke wa Gharib, alitoka nyuma ya pazia akiwa ameziba paji la uso. Aliposhusha mkono, juu ya macho palikuwa laini kama kiganja. "Nimeamka hazipo," alisema. "Wala hapaumi."

Kufika Alhamisi picha ilikuwa na pua, na Asia akawa anapumua kwa mdomo. Siku hiyohiyo wafuasi wa vyama viwili walifika dukani, kila upande ukidai picha ile inamkejeli mgombea wao, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana jambo: kesho, kabla ya mkutano wa kampeni, wanaubomoa ukuta.

Shehe wa msikiti aliitwa. Alisoma hadi sauti ikamkauka, na ndani ya ukuta zikasikika kucha zikikwaruza taratibu.

"Wakibomoa, uso wa mkeo unaondoka na kifusi," alimwambia Gharib. "Na kisomo hakimtoi. Mmemwandikia karibu. Huyu ni mgeni."

"Basi aagwe kama mgeni," alisema Mukakalisa. "Huku kwetu anapewa kahawa ya kutafuna, halafu anasindikizwa."

Alasiri ile alikwangua maandishi yote, akabandika buni tatu kwenye kiganja cha picha. "Asante kwa kututembelea," alisema. "Twende tukusindikize."

Wakaondoka, Mukakalisa mbele, Gharib na Asia nyuma yake, na nyuma ya hao wawili zikaanza kusikika nyayo mbichi, chwap, chwap, na harufu ya udi ikawafunika kichwani, na kitu kikawa kinatafuna buni polepole karibu na sikio la Asia, wakapita kwa kinyozi, wakapita bucha, wala hakuna aliyethubutu kugeuka mpaka walipofika njia panda ya Bugene, ambapo nyayo zile ziliwapita na kuendelea peke yake kwenye vumbi, moja baada ya nyingine, bila mtu juu yake.

Asia akavuta pumzi kwa pua. Akapapasa juu ya macho, akakuta nywele. Akalia kwa furaha, na Mukakalisa akapiga magoti palepale barabarani.

Furaha ikamzidi Gharib. Akainua mkono, akapaza sauti kama alivyofanya miaka ishirini mlangoni pake:

"Karibu tena!"

Nyayo zikasimama. Kisha vidole vyake vikageukia kwao.

Asia alimgeukia mumewe kumgombeza, lakini hakuwa na mdomo.