Uzito wa Pawasaplai

Shule niliacha darasa la saba na sijawahi kuijutia. Waliosoma mpaka wakaota vipara ndio wanaoniletea kompyuta zao zimezima, wamezikumbatia kama wagonjwa. Na mimi sihangaiki na vipimo. Nanyanyua tu. Pawasaplai nzuri, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, ni nzito, ina shaba ya kutosha tumboni. Feki ni nyepesi kama ahadi ya mlevi. Ndiyo maana dada yangu alinibatiza Fundi Mizani.

Pawasaplai ya dada iliungua Jumatatu. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na sauti ya mwanawe, sekunde kumi na moja tu: "Mama, nibebe." Mtoto mwenyewe tulimzika mwaka jana, hajatimiza miaka minne. Sauti ile haikuwa mahali pengine popote. Tangu msiba niliahidi kuinakili, na kila siku nikasema kesho.

"Kanunue dukani, yenye dhamana," dada akaniambia. "Mbovu ikilipuka inaondoka na kila kitu. Na uifungue kwanza, uone ndani."

"Dada, unamfundisha samaki kuogelea?"

"Mdogo wangu, nitanie kwa vyote. Kwa mwanangu, hapana."

Nilifika mtaa wa maduka jua linazama. Milango ya chuma ilikuwa inashushwa mmoja baada ya mwingine... krrr... krrr... Duka lenye dhamana lilikuwa limeshafungwa. Mwisho wa ushoroba ilibaki meza moja. Nyuma yake mwanamume, shati kalifunga vifungo mpaka kooni. Juu ya meza, pawasaplai moja tu. Na harufu ya maziwa yaliyochacha.

Nikainyanyua. Mama yangu! Nzito!

"Ya nani?" akanong'ona.

"Ya dada."

"Ana mtoto?"

"Alikuwa naye."

Akaichukua mikononi mwangu, kisha akanirudishia taratibu, kiganja kimoja chini, kimoja juu.

"Shikilia shingo," akasema.

Nikacheka. Pawasaplai na shingo wapi na wapi? Nikalipa, nikaondoka. Najua kuna matapeli wanaotia saruji ndani ili iwe nzito. Hata wewe sasa unajua. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa. Fundi Mizani afungue ili iweje?

Kompyuta ikawaka. Dada akalia, akanishika mkono huu huu, akaubusu.

Siku ya tatu akanipigia simu. "Njoo usikilize."

Sekunde kumi na moja zilikuwa zimekuwa dakika nne.

"Mama, nibebe... Mama, viatu vyangu vipya viko wapi?"

Viatu vile vilinunuliwa mtoto akiwa amelazwa. Hakuwahi kuviona.

Nikapeleka mkono kwenye soketi. Dada akaudaka. Vidole vyake vilikuwa mifupa mitupu, na gauni lilimning'inia kama limetundikwa msumarini.

"Ukizima," akasema polepole, "mimi na wewe tumeachana undugu."

Sikuzima. Mngependa niseme niliogopa? Niliona fahari. Kazi ya mkono wangu ile.

Siku ya nane, jioni, nilikuta mlango haujafungwa. Maziwa yaliyochacha yalinipokea tangu barazani. Dada alikuwa kitini, shavu limelalia kibodi. Kwenye spika mtoto alikuwa anacheka.

Nikambeba dada, nikimbie naye hospitali.

Mimi ni mtu wa uzito. Uzito ndiyo kazi yangu. Mtu mzima yule, aliyenibeba mgongoni utotoni...

Alikuwa mwepesi kama feki.

Hatukufika hata getini.

Baada ya maziko nikarudi kuichomoa ile pawasaplai. Nilihitaji mikono miwili na magoti. Ndipo nikatoa bisibisi. Parafujo nne. Hakuna shaba. Hakuna koili. Feni, na bonge la saruji, basi. Sijui mpaka leo kompyuta ilikuwa inakula umeme wa wapi.

Juu ya saruji kulikuwa na alama ya kiganja. Vidole vitano.

Vidogo.

Feni ikaanza kuzunguka. Waya ulikuwa mkononi mwangu, haujachomekwa popote.

Nikakimbilia kule ushorobani. Meza haipo. Nikawauliza mafundi wa pale kama wanamjua mwenye shati la vifungo mpaka kooni. Nilitegemea waniambie hawajamwona. Wote watatu wanamjua.

"Huwa anapita," mmoja akasema, wala hakuinua macho kwenye kazi yake. "Ila hajawahi kutuuzia."

"Kwa nini?"

"Sisi huwa tunafungua kwanza, kaka."

Imebaki kwangu, chini ya meza ya kazi. Niliitupa mara mbili. Asubuhi naikuta palepale, na siku hizi siwezi hata kuisogeza. Giza likianza kuingia, feni inazunguka yenyewe... vuuu... na sauti inatoka humo humo, bila spika.

"Mjomba, nibebe."

Na nyuma yake sauti nyingine, ninayoijua tangu nazaliwa, bado ina utani wake.

"Mbebe, Fundi Mizani."

Nami nambeba, nimeikumbatia palepale chini. Jana nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda wangu. La tatu hilo.